Mshauri Asiyeshika Usukani

Leo naweka programu kando, tuzungumze kuhusu ndege. Mwishoni mtaona kwamba sijaenda mbali na kazi yangu.

Viwanja vingi vidogo havina mnara wa kuongozea ndege. Marubani hutumia masafa mamoja ya redio: kila mmoja hutangaza alipo na anachotaka kufanya, wengine husikiliza. Kwingine huwepo mshauri. Huwaeleza upepo unavyovuma, njia inayotumika, na ndege anazojua ziko karibu. Hana mamlaka ya kumruhusu wala kumkataza mtu kutua. Ni kama utingo anayemwelekeza dereva wa lori akirudi nyuma: anaona, anasema, lakini usukani si wake.

Huko Marekani kazi hii ilianza 1920, serikali ilipojenga vituo vya redio kwenye njia ya ndege za barua kati ya New York na San Francisco. Baadaye vituo hivyo vilihudumia marubani wote, na vile vya viwanjani vikatoa ushauri papo hapo. Kuanzia miaka ya 1980 viliunganishwa kuwa vichache vyenye tarakilishi. Viwanja vingi vikabaki bila mtu wa kuchungulia dirishani.

Sasa tazama Quincy, Illinois, 19 Novemba 1996. Hakuna mnara. Beech 1900 yenye abiria inakuja kutua. King Air iko tayari kuruka kwenye njia inayokatiza ile ya Beech, na nyuma yake imesimama Cherokee. Rubani wa Beech anauliza: King Air, mtangoja? Anayejibu ni rubani wa Cherokee, na sehemu ya jibu lake inafunikwa na sauti ya tahadhari ndani ya Beech yenyewe. Beech wanaamini King Air inangoja. Haikungoja. Watu wote 14 katika ndege hizo mbili walikufa.

Wachunguzi walilaumu hasa marubani wa King Air kwa kutosikiliza redio au kutotazama vizuri. Lakini mimi, mwandishi wa programu, naona pia ujumbe uliopokelewa bila kuthibitisha umetoka kwa nani. Mshauri mwenye dirisha labda angesema maneno matatu tu: King Air inaondoka.

Alaska bado wanao washauri wa namna hiyo. Nami kila ninapoandika programu za kutumiana ujumbe, najiuliza: aliyejibu ndiye niliyemuuliza?