Bandari ya Victoria na Alfred: Ukuta wa Wafungwa, Uwanja wa Matembezi

Kwa zaidi ya miaka mia mbili Cape Town ilikuwa mji wa meli usio na mahali salama pa kuziweka. Waholanzi walitia nanga katika Ghuba ya Meza mwaka 1652, wakitafuta maji na mboga kwa ajili ya safari za Mashariki, wakajenga gati dogo la mbao. Kila kipupwe pepo za kaskazini-magharibi ziliingia ghubani bila kizuizi, zikakata minyororo ya nanga na kuzitupa meli ufukweni. Mwaka 1858 dhoruba ziliharibu meli zipatazo 30. Soko la bima la Lloyd's, London, likakataa kuzikatia bima meli zitakazokaa ghubani humo majira ya kipupwe, na hapo serikali ya koloni haikuwa na njia nyingine ila kujenga.

Tarehe 17 Septemba 1860 Mwanamfalme Alfred, kijana wa miaka 16, mtoto wa pili wa kiume wa Malkia Victoria, alimwaga baharini behewa la kwanza la mawe ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Jina la bandari limetokana na hao wawili, mama na mwana. Albert, mume wa malkia, ambaye wageni wengi humtaja kimakosa, hahusiki. Alfred alimwaga behewa moja. Yaliyofuata, kwa miaka na miaka, yalimwagwa na wafungwa.

Waliletwa kutoka pembe zote za koloni na kufungiwa katika gereza la Breakwater, hatua chache kutoka kazini. Walipasua mwamba, wakaubeba hadi ukutani, na shimo walilolichimba ndilo lililoingizwa maji ya bahari na kufunguliwa mwaka 1870 kwa jina la Alfred Basin. Miongoni mwao walikuwamo wanaume wa jamii ya /Xam, tawi la Wasan wa nyanda kame za kaskazini, ambao ardhi yao ya kuwinda ilikuwa imegeuzwa mashamba ya walowezi. Wengi walihukumiwa kwa wizi wa mifugo.

Mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek alisikia habari zao, akaomba ruhusa ya kuwachukua baadhi yao wakaishi nyumbani kwake Mowbray. Mmoja wao aliitwa //Kabbo, mtu mzima aliyejaa hadithi za watu wake. Kifungo chake kilipokwisha alikubali kubaki, ingawa alitamani sana kurudi kwao, ili hadithi hizo ziandikwe. Daftari zilizojazwa na Bleek pamoja na shemeji yake Lucy Lloyd zilifikia kurasa zaidi ya 12,000. Lugha ya /Xam leo haina wazungumzaji, lakini ndiyo iliyoandikwa katika nembo ya taifa la Afrika Kusini tangu mwaka 2000. Kwangu mimi hakuna jambo kubwa zaidi lililowahi kutoka katika bandari hii, nikihesabu na almasi na dhahabu zote zilizopakiwa hapo.

Almasi na dhahabu ndizo zilizoipanua. Mwaka 1882 kilikamilika chelezo cha Robinson, na mnara wa saa wa ofisi ya nahodha wa bandari ukasimama. Bwawa la pili, Victoria Basin, likafuata. Mwaka 1924 vihenge vya nafaka vyenye urefu wa mita 57 vilianza kupokea mahindi na ngano. Kisha meli zikawa kubwa kuliko mabwawa. Bandari mpya, Duncan Dock, ilijengwa miaka ya 1930 na 1940 kwa kufukia bahari mbele ya mji, na baadaye barabara kuu zikapita juu ya ardhi hiyo. Wakazi wa Cape Town wakabaki wakiitazama bahari kwa mbali. Makuli na wavuvi wa District Six, mtaa uliokuwa karibu kabisa na bandari, waliondolewa kwa nguvu pamoja na majirani zao baada ya serikali ya ubaguzi kuutangaza mwaka 1966 kuwa wa Wazungu peke yao.

Novemba 1988 iliundwa kampuni ya kuyafufua mabwawa ya zamani, wakati huo chini ya shirika la serikali la uchukuzi. Walioipanga walifanya uamuzi mmoja wa busara: kazi ya bandari isifukuzwe. Maduka ya Victoria Wharf yalifunguliwa 1992, nyumba ya viumbe wa baharini ya Two Oceans Aquarium ikafuata 1995, huku boti za uvuvi zikiendelea kushusha samaki. Mwaka 2006 eneo liliuzwa kwa wawekezaji wa London na Dubai. Mwaka 2011 likarudi mikononi mwa Waafrika Kusini, kampuni ya Growthpoint na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, kwa randi bilioni 9.7. Ni fedha nyingi, na bei za mikahawani zinazikumbusha: familia nyingi za vitongoji vya Cape Flats huja kutembea tu, zikaangalia sili na kurudi.

Mgeni asiishie madukani. Gati namba moja, Jetty 1, ndipo wafungwa wa kisiasa walipopandishwa boti kwenda Kisiwa cha Robben. Kituo cha feri cha sasa, chenye jina la Nelson Mandela, kilifunguliwa 2001. Katika uwanja wa Nobel, uliozinduliwa Desemba 2005, zimesimama sanamu za Albert Luthuli, Desmond Tutu, F. W. de Klerk na Mandela. Vile vihenge tangu 2017 ni Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika. Msanifu Thomas Heatherwick alichonga ukumbi wake ndani ya mirija ya zege kwa umbo la punje ya nafaka. Gereza la Breakwater nalo ni shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na ukuta wake wa mawe bado upo. Ningependa kumwona //Kabbo naye akisimamishiwa sanamu palepale uwanjani, upande unaotazama bwawa lililochimbwa na wafungwa wenzake.