Kifaru Begani: Vijana wa Nyanza Kusini na Vita vya Bama

Saa nane na nusu mchana, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilipigwa torpedo mbili katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldives. Dakika tatu hazikutimia ikawa imezama. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500 waliong'oa nanga Kilindini juma moja tu kabla, wakielekea Colombo: wauguzi wa Kiingereza, mabaharia, na karibu wanajeshi 1,000 wa Regimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Waliokuwa sitaha za chini, wengi wao hawakuwahi hata ngazi.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Nyambizi ya Kijapani iliyofanya kazi hiyo, I-27, ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari Petard ilikuwa na amri ya kuiwinda, na meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini. Nahodha akaamua. Mabomu ya majini yakaporomoshwa katikati ya watu waliokuwa wakingoja kuokolewa. Nyambizi ilikuja kuzamishwa baada ya saa mbili na zaidi, lakini wakati huo bahari ilikuwa imekwisha kuchukua watu 1,297. Ni moja ya misiba mikubwa ya baharini katika vita vile vyote, na ukiuliza leo darasani Oyugis au Rongo, sidhani utapata mwanafunzi aliyewahi kuisikia.

Wanamizinga wale walikuwa wakienda kuungana na majeshi ya Afrika Mashariki yaliyokusanyika Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Uti wa mgongo wa majeshi hayo ulikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani nembo ya kichwa cha kifaru. Makala haya yanaihusu divisheni hiyo, lakini kwa kuitazama kutoka pembe moja ya nchi: wilaya ambayo wakoloni waliiita Kavirondo Kusini, baadaye Nyanza Kusini, na ambayo sehemu yake ya ziwani leo ni kaunti za Homa Bay na Migori.

Vita havikuanza kuwajia watu wa huko mwaka 1939. Vilianza kuwajia nyumbani kwao mwaka 1914. Karungu, bandari ndogo iliyo Migori, iliwahi kuwa makao ya serikali ya wilaya kabla ofisi hazijahamishiwa Kisii mwaka 1907. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Shirati, wakaiteka Kisii bila jasho kwa kuwa maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Tarehe 12 askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, wakawakuta huko. Mapigano yalikuwa makali, Kapteni Thorneycroft wa Keya akauawa, na Wajerumani wakarudi nyuma hadi Karungu. Kwenye Ziwa Victoria nako meli za kiraia ziligeuzwa manowari: Winifred ilifungwa mizinga ikatumwa Karungu, ikafukuzwa na meli ya Kijerumani Muansa, ikarudi ikiwa na mwenzake Kavirondo. Safari hii Muansa ndiyo iliyoondoka. Raia wa Kisii waliopora maduka na ofisi wakati wa vurumai hiyo waliadhibiwa kwa risasi na kwa kunyang'anywa ng'ombe, adhabu ambayo ilikumbukwa muda mrefu kuliko vita vyenyewe.

Lakini kilichoitafuna Nyanza hasa ni upagazi. Kampeni ya kumfuata Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani katika pori la Tanganyika, mahali penye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe, isingewezekana bila vichwa na mabega ya watu. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua wanaume kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alipewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi. Aliwajua watu wa Nyanza, na wao walimjua. Ndiyo sababu jimbo hilo lilitoa wapagazi wengi kuliko mengine. Walikufa kwa kuhara, kwa nimonia na kwa kulishwa unga usioiva. Takwimu rasmi za Uingereza zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wa Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi inakaribia 100,000. Wengi wao hawakuandikiwa kaburi wala jina.

Kwa hiyo machifu walipoanza tena kudaiwa watu mwaka 1939, wazee wa Karachuonyo na Kanyamkago walijua wanachoombwa. Wakati huu, hata hivyo, vijana hawakuwa wale wa 1917. Kule Gendia, karibu na Kendu Bay, Waadventista walikuwa wamefungua misheni tangu 1906, pamoja na shule na kiwanda cha kuchapa. Chifu wa Karachuonyo wakati wa vita, Paul Mboya, mwenyewe mchungaji wa kanisa hilo, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kikubwa cha mila za Wajaluo mwaka 1938. Kijana aliyetoka katika mazingira hayo alijua kusoma na kuandika.

Jambo hili lilibadili aina ya uaskari wao. Waingereza walikuwa na imani yao, ya kipuuzi kwa maoni yangu, kwamba makabila mengine yamezaliwa kupigana na mengine hayakuzaliwa hivyo. Wakamba na Wakalenjin wakajazwa katika batalioni za bunduki, na Wakuria wa mpakani wakasifiwa vivyo hivyo. Mjaluo aliyesoma alipelekwa zaidi kwenye simu za upepo, udereva, utabibu, ukarani na mizinga. Asiyesoma mara nyingi aliishia Panyako, kikosi cha kazi kilichochimba barabara na kupakua meli. Wapo waliokwenda wakiwa wapishi wa maofisa. Hussein Onyango, aliyezaliwa karibu na Kendu Bay na ambaye mjukuu wake alikuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa mmoja wao, na familia yake husimulia kwamba alifika Bama, nchi inayoitwa leo Myanmar. Kwa jumla Kenya ilitoa karibu wanaume 98,000, katika jeshi la Afrika Mashariki lililopita watu 320,000.

Divisheni ya 11 iliundwa Februari 1943 chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, mtu mkali ambaye kwa sababu isiyoeleweka wenzake walimwita Fluffy. Ilikuwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, na batalioni zake zilitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Lugha iliyowaunganisha wengi wao ilikuwa Kiswahili. Kijana wa Ndhiwa ambaye hajawahi kufika Nakuru alijifunza Kiswahili chake kwenye gwaride, wala si Mombasa, na lafudhi hiyo ya amri na matusi ilirudi naye nyumbani.

Agosti 1944 divisheni ikaingia Bama kupitia Tamu. Wajapani walikuwa wamevunjwa huko Imphal na Kohima, India, wakawa wanarudi nyuma. Mji wa Tamu ulinuka maiti za waliokufa kwa njaa na maradhi. Desturi ya majeshi pale ilikuwa kusimama wakati wa mvua za monsuni. Luteni Jenerali William Slim, mkuu wa Jeshi la 14, alikataa kusimama, na kazi ya kuwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw akawapa Waafrika. Bonde hilo lilijulikana kama bonde la mauti kwa sababu ya malaria na taifasi ya vichakani. Barabara ya kutoka Tamu hadi Kalewa leo ni kama kilomita 160. Mwaka ule haikuwa barabara. Malori yalizama hadi kwenye mabodi, na vikosi vya Panyako na vya wahandisi vilikata miti na kuitandika kwenye tope ili gari la jeep lipite. Chakula na risasi vilitupwa kwa miamvuli kutoka ndege za Dakota. Kila mtu alilazimishwa kumeza kidonge chake cha mepakrini mbele ya sajini, kidonge kinachogeuza ngozi rangi ya manjano, na ni nidhamu hiyo ya kidonge, kuliko ushujaa wowote, iliyowafikisha hai upande wa pili.

Mapigano yalikuwa ya kilima kwa kilima. Batalioni ya 11 ya Kenya ilimwaga damu kwenye Kilima cha Leik. Brigedi ya 21 ikaiteka Mawlaik mwezi Novemba, na katikati ya mwezi huo divisheni ikakutana na Divisheni ya 5 ya India huko Kalemyo. Tarehe 2 Desemba Kalewa ikaanguka. Hapo mto Chindwin, mpana na wa kasi, ukavukwa kwa mashua, na kufikia tarehe 10 wahandisi walikuwa wamelaza juu yake daraja la Bailey la futi 1,154, yaani mita 350 hivi, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Jeshi la Slim likapita juu ya daraja hilo kwenda Mandalay na Rangoon. Wenye kifaru begani walirudishwa India kupumzika. Brigedi nyingine ya Afrika Mashariki, ya 28, ilitumwa Seikpyu mwanzoni mwa 1945 kuwalaghai Wajapani waamini kwamba mto Irrawaddy utavukiwa huko; ulaghai ulifanikiwa, na brigedi ikalipia kwa kushambuliwa vikali na kusukumwa nyuma hadi Letse.

Katika miaka ileile, upande wa pili wa vita hivyohivyo, Wamarekani walikuwa na Divisheni yao ya Kwanza ya Majini, iliyoundwa Februari 1941 na kutua Guadalcanal Agosti 1942. Mjukuu wa askari wa divisheni hiyo anaweza leo kujua batalioni ya babu yake ilikuwa kwenye kichaka gani siku gani, na mkongwe akifa, familia yake hukabidhiwa bendera. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipata kitabu kimoja cha maana kilichoandikwa na mtu aliyekuwapo, Gerald Hanley, mwandishi wa habari za vita aliyekwenda nayo. Kilitoka mwaka 1946, kwa Kiingereza. Sijui kitabu chochote cha namna hiyo cha Kiswahili, lugha ambayo divisheni hiyo iliitumia kupigana. Aibu hiyo haikuletwa na Mwingereza peke yake. Sisi waandishi tuna sehemu yetu.

Waliorudi Homa Bay na Suna mwaka 1946 walikuta serikali ikiwagawia mashamba wazungu waliopigana vita vilevile, katika nyanda za juu ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata kipande. Malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi: askari Mwafrika alipata sehemu ndogo ya alichopewa mzungu wa cheo kilekile. Wachache walipelekwa Shule ya Jeanes, Kabete, kujifunza ufundi na biashara. Wengine walinunua baiskeli, cherehani, mashine ya kusaga, wakafungua duka. Wapo walioingia siasa za chini kwa chini, na Oginga Odinga alipoanzisha shirika lake la akiba na biashara mwaka 1947, fedha za watu waliotoka vitani hazikukosekana katika mazungumzo ya wakati huo.

Jeshi nalo lilibadili jina usiku wa uhuru, Desemba 1963, na Keya ikawa Kenya Rifles. Haukupita mwezi na nusu, tarehe 24 Januari 1964, batalioni iliyobeba namba ya 11, namba ileile ya Kilima cha Leik, ikaasi katika kambi ya Lanet kwa ajili ya mishahara na kwa kuchoka kuamriwa na maofisa wa Kiingereza. Ikavunjwa. Historia rasmi ya jeshi letu haipendi kukaa hapo muda mrefu.

Waliokufa wako mbalimbali. Majina ya waliozama na Khedive Ismail yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Wengi wa waliopotea Bama wamo katika orodha ya karibu majina 27,000 pale Taukkyan, nje ya Rangoon. Wapagazi wa vita vya kwanza hawana orodha. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba Waafrika na Waasia kati ya 116,000 na pengine 350,000 waliokufa katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tangu hapo rejista za zamani zimefukuliwa Nairobi na majina takriban 3,000 yakapatikana.

Hayo ni majina yaliyoko ofisini. Yaliyoko majumbani ni kazi yetu. Medali za vita vya pili walizopewa askari hawa hazikuchongwa jina. Nyota ya Bama iliyo kwenye sanduku la bati huko Mbita au Awendo haisemi ni ya nani. Kinachosema ni kitabu cha kuachishwa jeshi, chenye namba, batalioni na tarehe, na karatasi yake sasa inaliwa na mchwa. Ikiwa bado kipo kwenu, kipige picha leo, nakili namba ile, mketishe shangazi au mjomba mkubwa aseme anachokumbuka, na upeleke nakala katika hifadhi ya nyaraka za taifa.