Mgawo wa petroli uliokuwa wa matairi

Fikiria unaishi Houston, Texas, Desemba 1942. Visima vya mafuta viko hapo jirani, lakini ukifika kituoni unaambiwa galoni 4 tu kwa wiki, kama lita 15. Kioo cha mbele cha gari lako kina stika ya herufi A, yaani safari zako si za lazima sana. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 56 kwa saa. Sasa, kama mafuta yapo, mbona unabaniwa hivyo?

Jibu liko chini ya gari, kwenye matairi.

Kabla ya vita, zaidi ya asilimia 90 ya mpira wa Marekani ulitoka Kusini-Mashariki mwa Asia. Mapema 1942 Japani ikateka Malaya na visiwa vya Indonesia ya leo, na bomba likafungwa. Huku jeshi linauhitaji kwelikweli: kifaru kimoja cha Sherman kilikula karibu nusu tani. Na mti wa mpira ukiupanda leo, utasubiri miaka kama mitano hadi saba ndipo uugeme.

Juni 1942 Rais Roosevelt aliwaomba wananchi redioni walete mpira wowote uliochakaa: matairi, makoti ya mvua, mabomba ya bustani. Vituo vya mafuta vililipa senti moja kwa ratili. Watu wakaleta zaidi ya tani 400,000! Ila kemia haina huruma. Mpira wa tairi hupikwa na salfa, na salfa hiyo huifunga minyororo ya molekuli pamoja. Ukishafungwa, huwezi kuurudisha ukawa mpya. Uliopatikana ulikuwa dhaifu.

Basi ikaundwa kamati ya watu watatu: Bernard Baruch, mkemia James Conant na mwanafizikia Karl Compton. Septemba 1942 wakashauri mambo mawili. Kwanza, petroli igawiwe nchi nzima, maana asiye na mafuta hasagi matairi. Pili, viwanda vya mpira wa kutengenezwa kwa butadieni na stirini vijengwe haraka. Mwaka 1941 Marekani ilitengeneza chini ya tani 10,000 za mpira huo. 1945 ilipita tani 700,000.

Je, watu walikubali? Wengi walikubali, kwa kunung'unika. Kilichowaudhi zaidi ni upendeleo. Mei 1942, mgawo ulipoanza kwanza majimbo ya mashariki, wabunge kibao walijichukulia kadi ya X, isiyo na kikomo. Magazeti yakawaanika. Sisi tunaoujua mgawo wa umeme tunaelewa: giza linavumilika, ila si pale nyumba ya mkubwa inapowaka taa.

Na pengo lile la Asia lilifika hadi kwetu. Tanganyika, chini ya Waingereza, mashamba ya mpira ya enzi ya Wajerumani yalifufuliwa, na watu wakapelekwa huko kufanya kazi kwa lazima. Dereva wa Houston alibandikiwa stika. Babu zetu hawakuulizwa hata kama wana gari.

Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa ubane matumizi, uliza mambo mawili: kilichopungua hasa ni nini, na nani mwingine anakilipia?