Risasi ya Jeddah, Kikopo cha Mkojo

Mtaa wa Olaya, Riyadh, hutambulika kwa minara yake miwili: Al Faisaliah, uliokamilika mwaka 2000, na Kingdom Centre wenye urefu wa mita 302. Kwenye mtaa huohuo wa mabenki na maduka ya manukato ndiko zilikowekwa ofisi za taasisi iliyoundwa kwa amri ya kifalme Aprili 2010: Mji wa Mfalme Abdullah wa Nishati ya Atomiki na Nishati Jadidifu. Mji wenyewe haukuwa na nyumba wala barabara. Ulikuwa ofisi, meza na ramani, na hesabu ya vinu 16 vya nyuklia ambavyo Saudia ilisema itavijenga katika miaka ishirini. Mpaka leo hakuna hata kimoja kinachowasha taa.

Siku kitakapowashwa, wahandisi watakuta kazi nyingine imewasubiri mlangoni: kumpima mtu. Dunia imekwisha kukubaliana kwamba anayeshika swichi za kinu asiwe na pombe kichwani wala dawa za kulevya mwilini. Lakini katika nchi ambayo pombe ni marufuku, kipima ulevi cha nini? Jibu limo katika historia ya marufuku yenyewe, na historia hiyo inaanzia Jeddah.

Tarehe 16 Novemba 1951 Mwanamfalme Mishari bin Abdulaziz, kijana wa miaka 19, alinyimwa kinywaji kingine na mwenyeji wake, Cyril Ousman, makamu wa konseli wa Uingereza mjini Jeddah. Mishari akafyatua risasi na Ousman akafa. Dini ilikuwa imemkataza Mwislamu ulevi karne nyingi kabla ya hapo. Wageni walikuwa wakiachiwa chupa zao. Mwaka 1952 Mfalme Abdulaziz, baba wa kijana, akaufunga mlango huo pia.

Waliobanwa zaidi walikuwa Wamarekani wa kampuni ya mafuta ya Aramco kule Dhahran. Hawakuchelewa. Walichokuwa wakikiagiza kwa meli wakaanza kukipika nyumbani, na gongo yao wakaipa jina la Kiarabu, sadiki, yaani rafiki yangu. Kwetu kusadiki ni kuamini, na kwa kweli aliyekunywa kitu kilichokenekwa kwenye jiko la jirani alihitaji imani ya kutosha. Watu haohao kulipopambazuka walikwenda kuendesha mitambo ya mafuta. Hapo ndipo penye tofauti ambayo sheria nyingi huiruka: marufuku hutaja kisichotakiwa kuwepo, ila haiwezi kukuambia kama kipo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliionja marufuku mapema zaidi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali za kigeni katika sehemu kubwa ya Afrika, na watawala wa kikoloni wakaendelea kwa miongo kadhaa kuamua nani anywe nini kwa kutazama rangi ya ngozi. Mzungu akalewa klabuni, Mwafrika akakamatwa na chang'aa. Hakuna aliyepimwa. Aliyehukumiwa alihukumiwa kwa harufu, kwa mwendo wake, au kwa neno la askari.

Kifaa kilikuja baadaye. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, alitengeneza kipimo cha pumzi ambacho polisi angeweza kukitumia barabarani. Kipimo cha mkojo nacho kilipata nguvu jeshini, hasa baada ya ndege kuanguka juu ya manowari ya Nimitz mwezi Mei 1981 na kuua watu 14, ajali iliyozua maswali kuhusu dawa za kulevya melini. Septemba 1986 Rais Reagan akaamuru ofisi za serikali kuu ziwe mahali pasipo na dawa za kulevya. Januari 1987 treni ya abiria iligonga vichwa vya treni ya mizigo huko Chase, Maryland; watu 16 walikufa, na ikabainika kwamba dereva wa vichwa hivyo na mwenzake walikuwa wamevuta bangi. Baada ya hapo abiria hawakutaka tena kusikia habari ya kuaminiana.

Upande wa nyuklia kilichowaamsha wakubwa kilikuwa usingizi. Tarehe 31 Machi 1987 tume ya Marekani inayosimamia nyuklia iliamuru mtambo wa Peach Bottom, Pennsylvania, ufungwe kwa sababu waendeshaji walikuwa wakilala zamu katika chumba cha udhibiti. Hakuna kinu kilichoyeyuka. Watu walisinzia tu, wakajua wanasinzia, na wenzao wakanyamaza.

Kanuni ya kuwapima wafanyakazi wa nyuklia ikatangazwa tarehe 7 Juni 1989, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kukubali kwamba wafanyakazi wa reli wanaweza kupimwa bila hati ya hakimu. Ilianza kutumika Januari 1990. Kila mwenye ruhusa ya kuingia mtamboni bila kusindikizwa aliingizwa kwenye bahati nasibu ya kupimwa ghafla, meneja sawa na fundi. Mwanzoni idadi ya vipimo vya mwaka ililingana na idadi ya wafanyakazi. Mwaka 1994 ikashushwa hadi nusu. Mtu hatakiwi kunywa katika saa tano kabla ya zamu. Akipatikana na kosa mara ya kwanza huondolewa kwa siku zisizopungua 14, mara ya pili miaka mitano. Anayedanganya, kwa mfano kwa kuleta mkojo wa mwingine mfukoni, hufungiwa maisha. Ndiyo maana kikopo hupimwa joto mara tu kinapokabidhiwa: mkojo uliotoka mwilini sasa hivi una joto la mwili, wa chupani umepoa.

Mimi naona udhaifu mkubwa wa kikopo ni kwamba husimulia ya jana. Bangi iliyovutwa likizoni huacha alama kwa siku nyingi, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa, hali akili imekwisha kutulia. Uchovu, ambao ndio uliopo saa hiyo, hauachi kitu kikoponi. Tukumbuke kwamba Three Mile Island mwaka 1979 iliharibika kama saa kumi alfajiri, na Chernobyl mwaka 1986 ililipuka saa saba na dakika 23 usiku. Pombe haikuwa chanzo popote kati ya hapo. Wamarekani walihitaji hadi mwaka 2008 kuandika uchovu ndani ya kanuni ileile ya ulevi: mtu asizidishe saa 16 za kazi katika saa 24, wala saa 72 katika siku saba.

Kwa Saudia kifungu hicho cha uchovu kina uzito kuliko chochote kinachohusu chupa. Dawa inayoisumbua nchi hiyo ni ya kukesha. Captagon ilibuniwa Ujerumani mwaka 1961 kama tiba, ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1986, kisha jina likabaki kwa vidonge vya amfetamini vya magendo, ambavyo Waarabu huviita Abu Hilalain kwa nakshi ya miezi michanga miwili. Tarehe 31 Agosti 2022 karibu vidonge milioni 47 vilikamatwa Riyadh vikiwa ndani ya shehena ya unga wa ngano. Mwaka uliotangulia makomamanga kutoka Lebanon yalikutwa Jeddah yamejazwa vidonge zaidi ya milioni tano. Miongoni mwa wanunuzi wamo hata madereva wa safari ndefu na wanafunzi wa mitihani, watu ambao tatizo lao ni kwamba usiku ni mfupi. Mfanyakazi wa zamu za usiku ni ndugu yao.

Na Riyadh yenyewe imeanza kupima pale ilipokuwa ikikataza tu. Januari 2024 ilijulikana kwamba duka la pombe linafunguliwa katika Mtaa wa Mabalozi kwa wanadiplomasia wasio Waislamu. Mnunuzi hujiandikisha kwa programu ya simu na kupewa mgao wa pointi kila mwezi. Huo ni uhasibu, miaka 72 baada ya amri ya 1952.

Majirani wa Saudia tayari wana vinu. Barakah huko Abu Dhabi ilianza kuingiza umeme kwenye gridi Agosti 2020, na kinu chake cha nne kikaanza kazi ya kibiashara mwaka 2024. Kenya nayo ina wakala wake wa nyuklia tangu 2019, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo kwenye ufuo wao. Lakini Kenya ina somo la karibu zaidi. Kipima ulevi kilichoingia barabarani Desemba 2013, ambacho wenyewe hukiita Alcoblow, kilijaza mahakama kila Jumatatu asubuhi mpaka Mahakama ya Rufani ilipozibatilisha kanuni zake mwaka 2017. Mashine ilifanya kazi. Sheria iliyoishika ndiyo iliyokuwa na tobo.

Wakati huohuo kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayetaka kazi ya ulinzi au udereva Riyadh hupimwa kabla ya kuona ndege. Katika kliniki iliyoidhinishwa na nchi za Ghuba hutoa damu, hutoa mkojo, hupigwa picha ya kifua. Hutafutwa kifua kikuu, homa ya ini, virusi vya UKIMWI. Mwanamke hutafutwa mimba. Akifaulu, atasimama langoni Olaya kwa zamu ya saa kumi na mbili, na tangu siku hiyo hakuna atakayemuuliza amelala saa ngapi.