Chuma cha Mkononi

Jumapili, Misa ikiisha, wazee wanaobaki mlangoni hutazama vijana wakipita. Huyu amevaa shati lililo nje ya suruali, na malapa miguuni, lakini mkononi ana saa yenye mkufu wa chuma unaometameta kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Wazee hunong'ona: saa ya namna ile yataka suti na tai, si nguo za kwenda sokoni. Sisi hatukuona vema kuwahukumu vijana upesi, maana hapa Kisangani chuma cha mkononi kina habari ndefu.

Stanley alipofika kwenye maporomoko ya Wagenia mwezi wa Januari 1877, chakula njiani kilinunuliwa kwa ushanga, nguo na waya za shaba. Baadaye, katika siku za Dola Huru ya Kongo, vipande vya waya ya shaba nyekundu au ya manjano, vilivyoitwa mitako, vilikuwa fedha yenyewe: askari na wachukuzi walilipwa navyo. Kweli, mwaka 1887 serikali ilitoa sarafu zenye tundu katikati, lakini mitako haikukoma mara moja. Na mtu aliyepata mitako aliweza kuipeleka kwa mhunzi, ikawa bangili. Chini mtoni, kwa Wabobangi, wanawake wa matajiri walifungwa pete za shaba shingoni, nzito hata kutembea kukawa taabu. Basi mali ilivaliwa mwilini, siku zote, shambani na mtoni. Hakuna aliyeuliza kama bangili yapatana na nguo.

Saa ilikuja kwa njia nyingine. Kabla ya vita ya 1914 wanaume wa Ulaya waliiweka katika mfuko wa kizibao, na saa ya mkono walidhani ni pambo la wanawake. Askari katika mahandaki ndio walioigeuza, kwa kuwa aliyeshika bunduki hana mkono wa kutafuta mfukoni. Na tangu hapo Wazungu wenyewe huweka kawaida hii: suti hupewa saa nyembamba yenye mkanda wa ngozi, mkufu wa chuma ni wa kazi, safari na maji. Kumbe wazee wetu wameigeuza sheria juu chini!

Waliipata wapi? Twafikiri ni katika Stanleyville ya zamani. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa ya raia, na mwaka 1952 cheo cha juu zaidi cha kuandikishwa. Mwombaji alichunguzwa nyumba, meza, mke na mavazi. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa mjini, alikataliwa kwanza, akapata mwaka 1954. Mtu aliyepimwa hivyo hakuthubutu kutoka bila tai, na saa ilitoka pamoja nayo. Macho yakazoea kuviona pamoja. Lakini yaliyokuwa heshima yakawa hatari: mwaka 1964, Simba walipoushika mji, makarani na wasomi wengi waliuawa mbele ya ukumbusho wa Lumumba. Tena miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, akaleta abakosti, na katazo hilo likaondolewa mwaka 1990. Tai ilikwenda ikarudi, saa haikuondoka.

Kwa maoni yetu, kijana wa malapa hana kosa. Tuko karibu sana na ikweta, mvua na jasho huozesha mkanda wa ngozi upesi, bali chuma kisichoshika kutu huoshwa tu kwa maji. Tungemwonya juu ya kitu kimoja, yaani rangi ya dhahabu iliyopakwa juu, ambayo jasho huibambua, ikaacha doa la kijani mkononi.

Na kama ametoka Kinshasa, asisahau kuisogeza mbele kwa saa moja, asije akakuta Misa imekwisha.