Boriti, Chokaa na Kiambaza

Kabla hatujazidharau nyumba za udongo, yatupasa kukumbuka jinsi wazee wa Lamu walivyojenga. Mwenye mali alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Asiye nayo alisimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka makuti. Lakini wote wawili waliitegemea mikoko. Boriti zake ndizo zilizobeba dari ya tajiri, na kwa kuwa hazikufaa kuzidi mita 3 hivi, vyumba vyake, pamoja na fahari yake yote, vilikuwa virefu na vyembamba. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Basi nyumba ya mawe ilikula miti isiyoonekana ukutani.

Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hata Arabuni, mpaka Serikali ya Kenya ilipozuia biashara hiyo ya ng'ambo mwaka 1982.

Kiambaza kina adui zake: maji miguuni, mchwa, na moto wa makuti. Hata hivyo, kikiwekwa juu ya msingi wa mawe, chini ya upenu mpana, wenye nyumba hukikandika upya wenyewe, pasipo kukopa senti.