Masafa

Kutoka Arua mjini hadi Koboko ni masafa ya kilomita zipatazo 55. Dereva wa shirika la misaada anayeelekea makazi ya wakimbizi ya Lobule anayajua, lakini anayo pia masafa mengine: yale ya redio yake, yenye antena ndefu iliyofungwa kwenye bampa ya mbele. Neno ni hilo hilo moja. Tulilichukua katika Kiarabu likiwa na maana ya umbali, nasi tukalipandisha hewani.

Matata yako kwenye “masafa mafupi”. Kilicho kifupi ni wimbi. Sauti yenyewe huvuka hata mabara.

Wapenzi wa redio za ridhaa wanazijua maana zote mbili. Mmarekani Bob Bruninga aliwatengenezea mfumo wa APRS: kifaa cha GPS ndani ya gari hutoa latitudo, longitudo na mwendo, redio ikatuma, na mtu aliye mbali akaona alama ikisogea kwenye ramani. Ulaya hutumia megahezi 144.800. Mawimbi ya aina hiyo huzuiwa na vilima, kwa hiyo bila kituo cha kupokezana kilichowekwa juu, gari hupotea upesi kwenye ramani. Masafa mafupi ndiyo yanayofika mbali.

Kwa hiyo, anayewaandikia madereva maelekezo aandike “umbali” kwa kilomita, na “masafa” ayaachie redio. Barabarani, agizo lenye maana mbili ni hatari.